Mamia ya kemikali katika pumzi moja: tuulize zimehesabiwaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme machache kuhusu makala mliyochapisha hivi karibuni juu ya mashine inayodaiwa kunusa mamia ya sumu katika hewa tunayovuta. Nimefanya kazi na mashine za aina hiyo kwa miaka kadhaa nikiwa fundi wa maabara, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuhudumia pampu, kubadilisha vichujio na kukaa mbele ya skrini nikitazama vilele vya grafu vikipanda na kushuka. Makala ile ilikuwa nzuri katika mengi, na nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili likiligusa somo ambalo kwa kawaida huachwa kwa wataalamu. Hata hivyo, mwandishi aliruka hatua tatu kwa mpigo mmoja: alichukua kila kilele kilichoonekana kwenye grafu akakiita kemikali, kila kemikali akaiita sumu, na kila sumu akaichukulia kuwa imetoka nje, hewani, wala si ndani ya chumba cha mashine yenyewe.

Mashine inayozungumzwa ni spektrometa ya tungamo yenye uwezo mkubwa wa kutenganisha. Kazi yake ni kupima uzito wa molekuli. (Nasema uzito kwa wepesi wa lugha, ingawa mwalimu wangu wa fizikia angenikatisha hapohapo na kunitaka niseme tungamo.) Wazo la kugundua kitu kilichofichika hewani kwa kupima uzito kwa makini ni la zamani kuliko mashine yenyewe. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliona kwamba naitrojeni aliyoipata kutoka hewani ilikuwa na uzito wa gramu 1.2572 kwa lita, ilhali naitrojeni iliyotokana na kampaundi za kemikali ilikuwa na gramu 1.2505. Tofauti hiyo ni takriban nusu ya asilimia moja, na wengi wangeisingizia mizani. Yeye hakuipuuza, na mwaka 1894 yeye na mkemia William Ramsay wakatangaza kwamba hewani mna gesi nyingine ambayo haikuwa imetambuliwa, arigoni, ambayo leo tunajua kuwa ni karibu asilimia moja ya hewa yote. Tangu hapo wanaopima hewa wamekuwa watu wa desimali.

Desimali hizo zina maana kwa sababu uzito wa atomi si namba kamili. Kwa makubaliano ya mwaka 1961, atomi ya kaboni-12 imepewa uzito wa 12 kamili, na nyingine zote hupimwa kwa kuilinganisha nayo. Kwa mizani hiyo haidrojeni ni 1.0078, naitrojeni ni 14.0031 na oksijeni ni 15.9949. Francis Aston, ambaye alitengeneza spektrografu yake ya tungamo mjini Cambridge mwaka 1919 na kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1922, ndiye aliyeanza kuzipima tofauti hizi ndogo kwa uhakika. Matokeo yake ni kwamba molekuli zinazoonekana kuwa na uzito mmoja zikipimwa kijuujuu huachana zikipimwa kwa makini. Chukua namba 28. Monoksidi ya kaboni ni 27.9949, naitrojeni ya hewani ni 28.0061, na ethilini ni 28.0313. Mashine ya kawaida huziona zote tatu kama kilele kimoja kwenye 28. Mashine yenye uwezo mkubwa huona vilele vitatu, na kila kimoja kwa uzito wake huonyesha kimeundwa na atomi zipi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye namba 69. Isopreni ni kampaundi inayotolewa na majani ya miti mingi, hasa wakati wa jua kali. Inakadiriwa kwamba mimea ya dunia nzima hutoa kiasi cha tani milioni 500 za isopreni kila mwaka. Furani nayo hutokea kwa wingi kuni, nyasi na misitu inapoungua. Katika mashine nyingi zinazopima hewa moja kwa moja, kila molekuli hupachikwa protoni moja, yaani chembe ndogo yenye chaji chanya, ili nayo iwe na chaji, na hapo isopreni husimama kwenye 69.0699 na furani kwenye 69.0335. Tofauti ni 0.0364. Kwa mashine za zamani, msitu unaopumua na msitu unaoungua viliandikwa kwenye mstari mmoja wa daftari, na mtafiti alilazimika kukisia kwa kuangalia saa, upepo na moshi. Leo vilele hivyo husimama kando kwa kando kwenye skrini, na mtu aliyezoea huweza kuona kimoja kikishuka jua linapozama huku kingine kikiendelea kupanda usiku kwa sababu moto haujali giza.

Namna ambavyo mashine huziachanisha si ya ajabu, ila usahihi wake ndio wa ajabu. Katika aina inayopima muda wa safari, ioni zote, yaani molekuli zilizokwisha kupewa chaji, husukumwa kwa nguvu ileile ya umeme ndani ya bomba lenye ombwe, kisha huachwa zikimbie zenyewe hadi kwenye kigunduzi. Nyepesi hutangulia, nzito hufuata. Tuseme ioni ya namba 69 inatumia mikrosekunde 30 kufika. Isopreni na furani zitapishana kwa takriban nanosekunde 8 tu, yaani sehemu nane kati ya sehemu bilioni moja za sekunde. Mbio hizi hurudiwa maelfu ya mara kila sekunde na matokeo yake hujumlishwa, ndiyo maana grafu hutulia na kuonekana safi. Kuna aina nyingine, kama Orbitrap iliyobuniwa na Alexander Makarov, ambamo ioni huzunguka elektrodi ya katikati huku zikiyumba mbele na nyuma, na uzito hukokotolewa kutokana na kasi ya kuyumba kwake.

Uwezo wa kutenganisha hutajwa kwa namba moja: uzito wa ioni ukigawanywa kwa tofauti ndogo kabisa ambayo mashine inaweza kuiona. Kwa isopreni na furani uwezo wa takriban 1,900 unatosha kinadharia, na kwa vitendo tunataka mara mbili yake au zaidi, kwa kuwa vilele havina kingo kali na kilele kikubwa humeza kidogo kilicho jirani yake. Lakini pengo lilelile la 0.0364, ambalo hutokana na kubadilishana oksijeni moja na kaboni moja yenye haidrojeni nne, likitokea kwenye namba 371 linahitaji uwezo wa zaidi ya 10,000. Kuna mapengo membamba zaidi. Kaboni tatu na kundi la salfa moja yenye haidrojeni nne hutofautiana kwa 0.0034 tu, na kuzitenganisha kwenye namba 300 kunahitaji uwezo wa karibu 90,000. Kwa hiyo gazeti linapoandika kwamba mashine fulani inatenganisha kila kitu, msomaji ana haki ya kuuliza: kwenye namba ipi, na dhidi ya jirani yupi?

Sasa nije kwenye hatua ya kwanza iliyorukwa. Hata mashine bora kuliko zote ikishatoa uzito wenye desimali nne, kilichopatikana ni fomula ya kemikali. Jina la kemikali ni jambo la pili. Alfa-pinini yenye harufu ya misonobari na limonini yenye harufu ya ganda la chungwa zote zina kaboni 10 na haidrojeni 16. Zimepangwa tofauti, lakini zina atomi zilezile, kwa hiyo uzito wao ni mmoja hadi desimali ya mwisho utakayotaka. Uwezo wa kutenganisha hata ungekuwa milioni moja usingesaidia chochote. Ili kuzijua, hewa hupitishwa kwanza kwenye safu ya kromatografia, ambayo huzichelewesha kwa viwango tofauti kabla hazijafika kwenye mashine, na hilo huchukua dakika nyingi badala ya sekunde.

Jambo hili lina sura mbaya zaidi, na nakiri kwamba sisi wenyewe tulichelewa kulizingatia. Molekuli kubwa huweza kuvunjika wakati wa kupewa chaji, na kipande chake kikawa na fomula ileile ya kampaundi nyingine isiyohusiana nayo kabisa. Baadhi ya kampaundi ziitwazo aldehidi, zenye mnyororo mrefu wa kaboni, huvunjika na kuacha kipande cha kaboni tano na haidrojeni tisa, ambacho ndicho hasa tunachokiita isopreni iliyobeba protoni. Katikati ya mji, mbali na miti, kilele cha 69.0699 kinaweza kuwa kirefu usiku wa manane, saa ambazo miti haitoi isopreni. Anayeandika "isopreni" chini ya kilele hicho hajasema uongo kuhusu uzito. Amesema uongo kuhusu chanzo.

Kabla ya kuendelea na hatua nyingine, kuna yale ambayo mashine haiyaoni, na hapa ndipo makala yenu iliponisikitisha kidogo, kwa kuwa msomaji aliachwa adhani kwamba orodha ile ni orodha ya hewa nzima. Mbinu iliyoelezwa ni ile iliyostawishwa na Werner Lindinger na wenzake mjini Innsbruck, Austria, katika miaka ya 1990. Molekuli ya maji iliyobebeshwa protoni moja ya ziada hugongana na molekuli za hewa, na huikabidhi protoni hiyo molekuli yoyote inayoivuta kwa nguvu kuliko maji. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba naitrojeni, oksijeni, arigoni na hewa ya ukaa, ambazo kwa pamoja ni zaidi ya asilimia 99.9 ya hewa kavu, huivuta protoni kwa udhaifu kuliko maji, hivyo hupita bila kuguswa, na kinachobaki kuonekana ni kile kidogo tunachokitafuta. Lakini mlango uleule uliozizuia gesi hizo huzizuia nyingine pia. Metheni haionekani. Ozoni haionekani. Monoksidi ya kaboni na dioksidi ya salfa hazionekani. Hizi tatu za mwisho zimo katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 kuhusu ubora wa hewa, na mtu anaweza kuwa na orodha ya mamia ya fomula mkononi bila hata moja kati yake kuwamo. Ndiyo maana kituo makini cha kupima hewa huwa na vifaa kadhaa vilivyopangwa pamoja, vingine vya bei ndogo sana na visivyovutia macho ya waandishi wa habari.

Hatua ya tatu, ile ya kuchukulia kwamba kila kitu kimetoka nje, nitaitanguliza, na nitaieleza kwa kisa kilichonipata. Wakati fulani tulikuwa tukipima hewa iliyovutwa kutoka nje kwa mrija uliopita ukutani. Kila asubuhi kilele kimoja kwenye 371.1012 kilipanda ghafla, kikashuka polepole hadi mchana, kisha kikatulia. Fomula ilipatikana mara moja bila ubishi: kaboni 10, haidrojeni 30, oksijeni 5, silikoni 5, pamoja na protoni yake. Tulichora grafu, tukailinganisha na mwelekeo wa upepo na msongamano wa magari, na mmoja wetu akaanza kuandika muhtasari wa ripoti. Siku ya nne mwenzangu aliyekuwa akija mapema kubadilisha kichujio alikuwa na udhuru, nikaja mimi badala yake, na kilele hakikupanda. Kampaundi ile ni siloksani inayotumika katika marashi ya kwapa na mafuta ya nywele. Unganisho la mrija lililokuwa mahali anaposimama lilikuwa limelegea kwa nusu mzunguko wa spana, nalo lilikuwa likivuta hewa ya chumbani. Uzito ulikuwa sahihi hadi desimali ya nne. Fomula ilikuwa sahihi, na hata jina, kwa bahati, lilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kwamba haikuwa hewa ya nje hata kidogo. (Siloksani hiyohiyo hupimwa kweli katika hewa ya miji, na huko nako hupanda asubuhi watu wakishajipaka na kutoka majumbani, ndiyo maana kisa kile kilituhadaa kwa urahisi.)

Tangu siku ile sikubali grafu yoyote isiyokuwa na hewa sifuri kando yake. Hewa sifuri ndivyo sisi mafundi tunavyoita hewa iliyopitishwa kwenye kichocheo cha platini kilichopashwa moto, ambacho huunguza kampaundi za kaboni kabla hazijafika kwenye mashine. Kila baada ya muda mfupi tunailisha mashine hewa hiyo, na kila kilele kinachobaki hapo ni cha mashine yenyewe: cha mirija, cha mpira wa viunganishi, cha mafuta ya pampu, au cha pumzi ya fundi. Hutashangaa kusikia kwamba vinavyobaki si vichache.

Wanadamu wenyewe ni chanzo kikubwa cha kampaundi kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Kemia mjini Mainz, Ujerumani, walipima hewa iliyokuwa ikitoka katika ukumbi wa sinema uliojaa watazamaji, na katika kazi waliyoichapisha mwaka 2016 walionyesha kwamba isopreni ya pumzi hupanda kwa pamoja katika matukio ya kutia hofu na kiherehere, na kwamba filamu hiyohiyo ikionyeshwa kwa watu wengine hupanda tena palepale. Ningependa gazeti lako siku moja liandike habari hiyo kwa kirefu. Kwa sasa naitaja ili ieleweke kwamba chumba chenye watu kina kemia yake, na kipimo kisichoeleza kilichukuliwa wapi hakina thamani kubwa.

Kuhusu hatua ya pili, yaani neno sumu, nitakuwa mwangalifu nisije nikaonekana kuwa natetea hewa chafu. Zipo kampaundi ambazo hata kidogo chake kinastahili hofu. Benzini, yaani kampaundi ya pete yenye kaboni sita na haidrojeni sita, husababisha saratani, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachoweza kupendekezwa kuwa salama. Lakini hata kwa benzini, kujua kwamba ipo hakutoshi. Swali ni ipo kiasi gani. Kilele hupimwa kwa idadi ya ioni zilizogonga kigunduzi kwa sekunde, na idadi hiyo haiwi kiasi cha benzini hewani mpaka mashine ilishwe gesi ya kipimo kutoka kwenye mtungi ambao kiasi chake kinajulikana. Kwa makumi kadhaa ya kampaundi mitungi hiyo ipo. Kwa mamia yaliyobaki kwenye orodha haipo, na kiasi chake hukokotolewa kwa makadirio. Makadirio si aibu, ilimradi yaitwe makadirio.

Nisieleweke vibaya kuhusu mashine zenyewe, kwani nazipenda. Zimetuonyesha mambo ambayo hakuna njia nyingine ingeyaonyesha. Katika sentimita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida mna molekuli zipatazo trilioni milioni 25, na mchana, kati ya hizo, asidi ya salfuriki iliyo katika hali ya gesi huwa molekuli milioni 1 hadi milioni 10 hivi. Ni kiasi kidogo mno, lakini ndicho kinachoanzisha chembechembe nyingi ambazo baadaye huwa mbegu za mawingu, na mashine inayotumia ioni za nitrati badala ya maji huziona molekuli hizo waziwazi. Kwa mashine ya namna hiyo, mwaka 2014 kundi la watafiti likiongozwa na Mikael Ehn lilionyesha kwamba harufu ya misonobari, ikikutana na ozoni, hujiongezea oksijeni hatua baada ya hatua kwa muda mfupi sana, hadi kuwa kampaundi nzito zisizoweza kubaki gesi, ambazo hutua juu ya chembechembe na kuzikuza. Kabla ya hapo kampaundi hizo zilikuwa zikipita mbele ya vifaa vya watu bila kuonekana. Kazi hiyo iliaminiwa kwa sababu watafiti walieleza ioni waliyotumia, kipimo walicholinganisha nacho na mipaka ya makadirio yao, si kwa sababu orodha yao ilikuwa ndefu.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mwandishi wenu atakapokwenda tena kwenye maabara yoyote kuandika habari za hewa, amwombe mwenyeji wake amfungulie kwenye skrini grafu ya hewa sifuri ya siku ileile, aiweke kando ya grafu ya hewa ya nje, na ahesabu ni vilele vingapi viko kwenye zote mbili. Maabara inayofanya kazi yake vizuri itamfungulia faili hiyo kabla hajamaliza kuuliza. Idadi atakayoipata baada ya kuviondoa vilele hivyo ndiyo ningependa kuisoma kwenye kichwa cha habari, hata kama itakuwa ndogo kuliko ile ya kwanza.

Wako,
Fundi wa maabara, msomaji wa siku nyingi